Fimbo ya maji au ngazi: namna ninavyoamua kabla ya kugusa dirisha

Kusafisha madirisha ndiyo kazi yangu, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huanzia mikononi mwangu. Jambo la kwanza ninalowafundisha ni kulizunguka jengo lote mikono mitupu, vifaa vikiwa bado garini, huku wakitazama juu, kisha chini, kisha juu tena. Katika mzunguko huo ndipo tunapoamua dirisha lipi litasafishwa kwa fimbo, lipi litahitaji ngazi, na lipi litaachwa leo. Mtu akianza kufikiria hayo akiwa tayari kwenye kidato cha nane cha ngazi, kitambaa mkononi, amechelewa.

Msimamo wangu ni huu: dirisha lolote la nje lisilofikiwa na mkono wa mtu aliyesimama ardhini lisafishwe kwa fimbo ya maji, na ngazi ishushwe garini pale tu fimbo inaposhindwa kabisa. Hata hivyo fimbo si kifaa cha kushikwa ovyo. Inaondoa hatari ya kuanguka na kuleta nyingine ambazo mpanda ngazi hakuwa akizifikiria sana, na mojawapo inaweza kuua papo hapo. Nitaieleza kwa kirefu.

Kwa asiyeifahamu, fimbo ya maji ni bomba jepesi la vipande vinavyoingiana, linalorefushwa kwa kuvuta kipande kimoja baada ya kingine na kukikaza kwa kibano. Nchani kuna brashi yenye matundu ya kurushia maji. Pampu husukuma maji yaliyochujwa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye brashi. Unasugua, unasuuza, unaondoka. Kioo kinajikausha chenyewe.

Kwa nini miguu ibaki ardhini

Mtu akianguka kutoka urefu wa mita 4, yaani dirisha la ghorofa ya kwanza tu, hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa na kasi ya kilomita 32 hivi kwa saa. Hapati muda wa kujigeuza wala wa kushika kitu. Nalitaja hili kwa sababu wengi huogopa ghorofa ya nne na kulidharau dirisha la ghorofa ya kwanza, ilhali hilo ndilo wanalolipandia kila siku, harakaharaka, bila mtu wa kuwashikia ngazi.

Kazi yetu pia haifanani na ya fundi rangi anayeshinda kwenye ukuta mmoja. Sisi tunaihamisha ngazi kila baada ya dakika chache: hapa zege, pale majani mabichi, kule kifuniko cha mtaro kinachocheza. Kila inapohamishwa inaweza kuwekwa vibaya. Halafu tunafanya kazi na maji ya sabuni, kwa hiyo vidato, soli za viatu na sakafu inayobeba miguu ya ngazi tunavilowesha wenyewe. Mkono mmoja una kitambaa, wa pili una kikwanguo cha mpira. Wa kushika ngazi haupo. Na kuna ile kona ya mbali ya kioo, sentimita 20 tu kupita pale mkono unapoishia. Nimewaona watu wazoefu wakijinyoosha kuifuata badala ya kushuka na kusogeza ngazi. Kiuno kinatoka nje ya miti ya ngazi, uzito unahamia upande mmoja, na mguu wa ngazi wa upande wa pili unanyanyuka.

Uingereza ilitunga kanuni za kazi za mahali pa juu mwaka 2005, na mpangilio wake unafaa popote. Kwanza, epuka kupanda ikiwa kazi inaweza kufanyika mtu akiwa chini. Hilo likishindikana, tumia njia inayomzuia mtu asianguke. La mwisho ni kupunguza umbali na madhara ya kuanguka. Kanuni hizo hazikupiga ngazi marufuku, ingawa wapo wanaosema hivyo; zinamtaka anayepanga kazi awe ametafuta njia nyingine kwanza. Fimbo ya maji imo kwenye ile hatua ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipenda.

Maji mabaya humrudisha mtu kwenye ngazi

Usafi wa maji ninauhesabu kuwa jambo la usalama. Maji ya kawaida ya bomba yamebeba kalsiamu na magnesi. Yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe. Mfanyakazi akiyaona madoa hayo, na mwenye nyumba amesimama pale anatazama, ataifuata ngazi ili akayafute kwa mkono. Hapo faida yote ya fimbo imepotea.

Kwa hiyo pima maji kila asubuhi kabla ya kuondoka. Kile kipimo kidogo cha chumvi zilizoyeyuka kinatakiwa kusoma 0. Baada ya chujio la osmosisi, yaani utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi nyingi, maji yapite kwenye rezini, zile chembe ndogo zinazonasa chumvi, ili imalize zilizosalia. Mimi hubadilisha rezini namba inapoanza kupanda. Sisubiri ifike 10.

Jengo ambalo halijaoshwa kwa muda mrefu lioshwe mara mbili. Anza na fremu ya juu, kisha pande, acha uchafu umalize kutiririka, ndipo uoshe kioo na kukisuuza kutoka juu kwenda chini. Ukiruka hatua ya fremu, maji machafu yatashuka nyuma yako baada ya dakika kumi, na utajikuta tena unaitamani ngazi.

Umeme

Hapa nakuwa mkali, na sijali nikionekana msumbufu.

Nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Alumini hupitisha umeme. Faibaglasi ikiwa kavu na safi hupitisha kidogo mno, ndiyo maana watu huinunua wakiamini wamepona. Lakini ya kwetu haiwi kavu wala safi. Nje imelowa na kupakwa vumbi la ukutani, ndani ina mpira uliojaa maji. Maji yaliyochujwa vizuri hayapitishi umeme kwa urahisi, ni kweli, lakini yakishagusa ukuta na kubeba uchafu wake yamekuwa maji mengine. Zipo fimbo zenye kipande cha chini kilichokingwa dhidi ya umeme. Kipande hicho ni msaada mzuri kama kimetunzwa, lakini hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi karibu na nyaya. Kwangu mimi fimbo zote ni za kuuawa nazo zikifika kwenye waya.

Tena si lazima iguse. Umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka hewani kutoka kwenye waya hadi kwenye kitu kilichousogelea. Fikiri hivi: fimbo ikiwa imerefushwa kadiri utakavyohitaji, ikiteleza mikononi mwako na kuangukia upande wowote, je, ncha yake inaweza kuufikia waya au kuukaribia? Kama jibu ni ndiyo, au kama unasitasita, hapo si mahali pa kusimamisha fimbo. Mimi huanza kuuliza maswali nikiona waya wowote ndani ya mita 10 kutoka eneo la kazi, na umbali huo huupima kutoka mahali fimbo inapoweza kufika, siyo kutoka miguuni mwangu. Mwenye mamlaka ya kusema umeme umezimwa ni shirika linalousambaza. Neno la mlinzi au la jirani halitoshi.

Watu wengi hutazama nyaya zilizo mbele ya dirisha na kusahau zilizo njiani. Umemaliza upande wa mbele, unazunguka kona kwenda upande wa nyuma, fimbo imesimama mita 8 kwa sababu umechoka kuifungua na kuifunga, macho yako yako chini kwenye mpira usije ukanasa kwenye mti wa maua. Juu yako kuna waya unaoingia kwenye nyumba, umefichwa na matawi. Kanuni yangu kwa kila ninayemfundisha ni moja: fimbo ishushwe yote kabla ya kuondoka kwenye ukuta mmoja kwenda mwingine. Najua inachelewesha kazi. Ishushwe.

Ukutani nako kuna taa za nje, swichi za kengele, kamera, mitambo ya kupozea hewa. Kifuniko kilichopasuka au waya uliochunika ni sababu tosha ya kutolirushia maji dirisha la jirani yake mpaka umeme wa hapo uzimwe. Muulize mwenye jengo, naye ataona unaijua kazi yako.

Ikitokea fimbo ya mwenzako imegusa waya, usimkimbilie wala usimshike. Usiiguse fimbo, mpira wala maji yaliyotapakaa. Zuia kila mtu asisogee, piga simu ya dharura, na usikaribie hadi wahusika wa umeme waseme umekatwa. Ardhi yenyewe kuzunguka pale inaweza kuwa na umeme. Ni vigumu kusimama ukimtazama rafiki, na ndiyo sababu maneno haya huyarudia mara kwa mara wakati wa utulivu.

Kuinua fimbo na kuishusha

Usiirefushe fimbo ikiwa imelala kisha ukajaribu kuinyanyua kama mlingoti. Uzito wa brashi ukiwa mbali na mikono huzidi nguvu ya mgongo wa mtu yeyote, na fimbo inapoanza kuanguka hakuna wa kuizuia. Isimamishe ikiwa fupi, wima, sehemu ya chini ikikaa ardhini karibu na mguu wako. Vuta kwanza kipande chembamba cha juu, kaza kibano, kisha kinachofuata, na uendelee hivyo kuelekea kile kinene. Kila kibano kikishakazwa kijaribu kwa kukisukuma kidogo. Kibano kilichochakaa huachia ghafla, na vipande vyote hushuka juu ya vidole.

Wakati wa kushusha, mkono mmoja uwe juu ya kiungo na mwingine chini yake, vidole mbali na ukingo wa bomba. Shusha taratibu. Fimbo inayozidi mita 10 au 12 nataka watu wawili, mmoja wa kufanya kazi na mwingine wa kutazama brashi, waya na wapita njia.

Upepo hauna namba moja ninayoweza kukupa, kwa sababu fimbo ya mita 6 huvumilia upepo ambao fimbo ya mita 15 haiwezi. Kipimo changu ni brashi: ikishindwa kukaa pale ninapoitaka kwenye kioo, au nikilazimika kuipigania fimbo wakati imesimama wima, kazi ya juu imekwisha kwa siku hiyo. Radi ikisikika, hata kwa mbali, fimbo inalazwa chini na kila mtu anaingia ndani.

Shingo na mabega

Anayeanguka kutoka kwenye ngazi huumia siku moja. Anayetumia fimbo vibaya huumia polepole, bega la kulia, shingo, kiuno, mpaka siku moja anashindwa kuinua mkono hadi kichwani. Maumivu haya watu huyachukulia kuwa ni ya kawaida. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani mengi hutokana na mahali mtu aliposimama.

Ukisimama karibu mno na ukuta, shingo inakunjika nyuma na macho yanapokea maji machafu yanayodondoka. Ukisimama mbali mno, fimbo inalala na uzito wote unaning'inia mikononi. Rudi nyuma taratibu mpaka uone brashi bila kukunja shingo hadi mwisho, na fimbo iwe bado imesimama zaidi kuliko ilivyolala. Geuza kiungo cha brashi ili nywele zote zikilalie kioo. Hapo ukuta utabeba sehemu ya uzito. Suguo litoke miguuni. Sogea mbele na nyuma kwa hatua fupi, viwiko vikiwa karibu na mwili, na mkono wa juu usipite usawa wa bega. Badili mkono wa juu kila dirisha jipya, hata kama mkono wa pili unajiona mjinga kwa wiki za mwanzo. Baada ya madirisha ya juu kadhaa, osha ya chini ili shingo ipumzike.

Kama mfuko unaruhusu fimbo moja tu, nunua nyepesi ya urefu unaoutumia kila siku kuliko ndefu nzito utakayoihitaji mara chache kwa mwaka. Miwani ya kinga si hiari. Kinyesi cha ndege na chembe za rangi hushuka moja kwa moja usoni. Kwenye kuta kuukuu ongeza kofia ngumu.

Walio chini

Ukiwa kwenye ngazi, anayehatarishwa zaidi ni wewe. Ukiwa na fimbo, hatari inawahamia wengine: mama anayesukuma kigari cha mtoto, mzee anayetazama simu, mtoto anayeurukia mpira wako wa maji kwa furaha. Tandaza mpira kandokando ya ukuta, siyo kukatiza njia. Ukilazimika kukatiza, ulaze ubapa, unyooshe, uweke koni na kibao cha tahadhari pande zote mbili. Rangi ya mpira iwe ya kuonekana kwa mbali. Sakafu laini ya vigae ikilowa huteleza, na mtu akija kuteleza huenda ukawa umeshaondoka, kwa hiyo sukuma maji pembeni kabla ya kufungasha. Mlangoni, osha saa ambayo watu hawapiti.

Hakikisha madirisha na matundu ya hewa yamefungwa kabla ya kufungulia maji. Kioo chenye ufa kiache, na umwambie mwenyewe.

Tangi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 500 ni nusu tani, na gari likifunga breki ghafla nusu tani hiyo inataka kuendelea mbele, ulipo mgongo wako. Lifungwe kwenye fremu ya chuma iliyoshikwa na mwili wa gari, kamba hazitoshi. Tangi la mgongoni la lita 20 libebwe kwa umbali mfupi, kwenye ardhi tambarare.

Kuna bakteria aitwaye lejionela ambaye huzaliana vizuri katika maji yaliyotuama ya nyuzi joto kati ya 20 na 45, na humwingia mtu anapovuta matone madogo hewani, yaani yale yale yanayorushwa na brashi. Maji yetu yamechujwa hadi klorini ikaondoka, hivyo hayana cha kujilinda. Egesha kivulini, usilaze maji tangini siku nyingi, mwaga yaliyobaki kwenye mpira ulioachwa juani, na safisha tangi kwa ratiba. Yasinywewe.

Pale ngazi inapolazimika

Kuna dirisha lililojificha nyuma ya paa dogo la kibaraza, pembe ambayo brashi haiingii. Kuna kioo cha zamani chenye viungo vya madini ya risasi kinachovujisha maji ndani. Hapo napanda, kwa masharti.

Ngazi iwe imekaguliwa: miti haijapinda, vidato havichezi, mipira ya miguuni haijalika. Iegemee ukuta imara. Isiegemee kioo wala mfereji wa paa. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu iwe mita 1 kutoka ukutani. Pembe hiyo ni nyuzi 75 hivi. Ikilala zaidi ya hapo miguu huteleza nje, ikisimama zaidi hukuangusha kinyumenyume. Ifunge juu au chini. Mtu wa kushikilia ni msaada wa mwisho baada ya njia nyingine kushindwa. Vidato vitatu vya juu usivikanyage. Kitovu chako kibaki katikati ya miti miwili, na mkono mmoja ushike ngazi, maana yake tumia kifaa kimoja kinachoosha na kukwangua bila kuhitaji mkono wa pili. Ndoo ining'inizwe kwa ndoano. Sheria ya nyaya za umeme ni ile ile, hasa kwa ngazi ya alumini.

Kama kazi ya mahali pamoja itazidi dakika 30, ngazi si kifaa chake. Kodi jukwaa la kuinulia watu au simamisha mnara wa kufanyia kazi. Na usipande kwa ngazi hadi kwenye paa la kibaraza ili usimamie hapo ukioshe kioo. Mapaa hayo mengi hayakujengwa kubeba mtu, na ya plastiki huvunjika bila kutoa ishara.

Kwa ndani, fimbo ya maji haiingii. Tumia kijiti kifupi chenye kitambaa cha nyuzi laini kilicholowa kidogo, ukiwa umesimama sakafuni. Kukanyaga kizingiti cha dirisha lililo wazi ili ufikie upande wa nje ni marufuku kwenye timu yangu, hata kama dirisha ni moja tu lililobaki na mwenye nyumba anabembeleza.

Dirisha litakaloshindikana kwa njia zote hizi liache. Liandike kwenye karatasi ya malipo kwamba halikusafishwa na kwa nini, punguza bei yake, kisha mpe mteja gharama ya kurudi na kifaa kinachofaa. Wengi hukubali wakielezwa mapema, kwenye ule mzunguko wa kwanza, kabla mpira haujatandazwa.